HELEN KELLER NA BARUA ALIYOINGOJA

Ukurasa wa watu mashuhuri mwaka huu umeniangukia mimi, na mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alinipa uhuru wa kumchagua nimtakaye. Wenzangu walinipendekezea wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua mwanamke wa Marekani ambaye hakuona wala kusikia tangu utotoni, naye ni Helen Keller. Sababu yangu ni ya nyumbani, na heri niitaje mapema ili msije mkadhani nimekurupuka tu.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 9, ana kigugumizi. Akiitwa kusoma mbele ya darasa hutoka jasho, na wenzake humcheka. Kwa ajili yake dada aliamua kusomea tiba ya usemi, yaani kazi ya kuwasaidia watu ambao maneno hayatoki vizuri: wenye kigugumizi, watoto waliochelewa kusema, wazee waliopooza wakapoteza lugha, na viziwi wanaojifunza kutamka. Wataalamu wa kazi hiyo hapa kwetu ni wachache mno. Dada aliomba nafasi ya shahada ya uzamili katika vyuo vitatu vya ng'ambo. Kimoja kilimkatalia. Viwili vimenyamaza kimya tangu mwezi wa kwanza. Basi kule nyumbani simu ikilia hata kidogo, sufuria inaachwa mekoni. Mjomba naye kila Jumapili lazima aulize kama barua imekuja, mpaka siku hizi dada akisikia sauti yake langoni anajificha chumbani.

Ndipo siku moja nikawa nasoma maisha ya Helen Keller maktabani, nikakuta jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Ile hadithi ya bomba la maji tunaijua sote. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba binti huyu alifaulu mtihani wa kuingia chuo, akapewa na hati ya kufaulu, kisha akakaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuingia? Hebu tumfuate tangu mwanzo.

Helen Adams Keller alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji mdogo wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake, Arthur Keller, alikuwa amepigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baadaye akawa mhariri wa gazeti. Mama yake aliitwa Kate. Helen alizaliwa mzima kabisa. Alipotimiza miezi 19 alishikwa na homa kali, na hata leo wataalamu wanabishana ilikuwa homa gani hasa. Homa iliposhuka wazazi walishangilia kwamba mtoto amepona. Kumbe macho na masikio yalikuwa yamekwenda nayo.

Hapa nataka kusema neno. Sisi huku mtaani tukimwona kiziwi asiyesema tunamwita bubu, kana kwamba ulimi wake una kasoro. Sivyo. Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Asiposikia, ulimi mzima hauna cha kuiga. Helen alikuwa ameanza kutamka maneno machache kabla ya homa, nayo yakamtoka polepole. Akabaki na ishara zake za nyumbani. Alitikisa kichwa kukataa na kukiitikisha kukubali, alivuta mtu akitaka waende pamoja, akajifanya anakata mkate na kupaka siagi akiwa na njaa. Aliyemwelewa zaidi ya wote alikuwa mtoto wa mpishi, aliyeitwa Martha Washington. Asipoeleweka, Helen alipiga mateke na kupiga mayowe mpaka anachoka.

Mama yake alisoma katika kitabu cha Charles Dickens habari za Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia aliyefundishwa kusoma huko Boston miaka mingi nyuma. Matumaini yakafufuka. Mwaka wa 1886 baba alimchukua Helen hadi Baltimore kwa daktari wa macho. Daktari hakuweza lolote, lakini aliwaelekeza kwa Alexander Graham Bell mjini Washington. Sisi tunamjua Bell kwa sababu ya simu, lakini yeye mwenyewe alijihesabu kwanza kuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake hakusikia vizuri, na mke wake alikuwa kiziwi. Bell akawaambia waiandikie shule ya vipofu ya Perkins, Boston. Kutoka huko akaja Anne Sullivan, msichana wa miaka 20 ambaye naye alikuwa amekulia katika umaskini na macho mabovu. Alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887.

Ya bomba la maji nitayapita haraka. Mwalimu Anne alimwandikia Helen maneno kiganjani kwa alfabeti ya vidole, herufi baada ya herufi, na mtoto akayaiga bila kujua maana. Tarehe 5 Aprili, maji yakimwagika juu ya mkono mmoja huku neno la maji likiandikwa katika mkono wa pili, Helen akang'amua kwamba kila kitu kina jina. Jioni hiyo alikuwa na maneno mengi mapya. Baada ya miaka michache alikuwa anasoma vitabu vya maandishi ya kupapasa na kuandika barua ambazo watu wazima walizionea wivu.

Lakini vidole havikumtosha. Helen alijua kwamba wengine huzungumza kwa midomo. Alikuwa akigusa midomo yao ikicheza, naye akichezesha yake, bila sauti ya maana. Mwaka wa 1890 mwalimu mmoja alimsimulia habari za Ragnhild Kåta, msichana wa Norway asiyeona wala kusikia ambaye alikuwa amefundishwa kusema. Helen hakutulia tena. Alimsumbua Mwalimu Anne mpaka akapelekwa kwa Bi Sarah Fuller, mkuu wa shule ya viziwi ya Horace Mann huko Boston. Walianza tarehe 26 Machi 1890, Helen akikaribia miaka 10.

Jinsi alivyofundishwa inafaa ielezwe, maana ndiyo kazi yenyewe anayoitaka dada yangu. Bi Fuller alimfanya aweke mkono wake usoni pake taratibu, akatoa sauti moja, na kumwachia Helen apapase ulimi umekaa wapi na midomo imekaaje. Kisha Helen akapeleka vidole kwenye mdomo wake mwenyewe na kutafuta mkao ule ule. Katika saa moja ya kwanza alipata sauti sita. Aliendelea hivyo kwa masomo 11, na mwishowe akatamka sentensi yake ya kwanza, yenye maneno matatu tu kwa Kiingereza, ya kusema kwamba kuna joto. Ilitoka kwa kukwamakwama, lakini ilikuwa ni usemi. Helen aliona kama mtu aliyefunguliwa pingu. Alirudi nyumbani Alabama, na familia nzima ilikuwa stesheni kumpokea. Akawasemesha kwa mdomo wake. Mama yake alimkumbatia akitetemeka, asiweze kutoa neno.

Tukiishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Ukweli ni kwamba Bi Fuller na Mwalimu Anne tu ndio walioweza kumwelewa vizuri. Mgeni akimsikia alielewa neno moja katika mengi. Miaka mingi baadaye Helen na mwalimu wake waliona kosa lilikuwa wapi: walikimbilia maneno kabla ya kujenga sauti yenyewe, yaani pumzi, koo na sauti ya kifua. Hawakuwa na wa kuwaambia. Siku hizo hapakuwa na chuo cha tiba ya usemi. Kila mwalimu alibahatisha kwa alivyojaliwa. Chama cha wataalamu wa kazi hiyo huko Marekani kilianza mwaka wa 1925, Helen akiwa na miaka 45.

Na sasa nije kwenye habari ya chuo. Helen alipokuwa bado mdogo alitembelea Wellesley, chuo cha wasichana, akawatangazia watu kwamba yeye atakwenda chuo kikuu, tena Harvard. Walipomuuliza kwa nini asije Wellesley, akajibu kwamba hapo pana wasichana tu. Watu walicheka. Harvard haikupokea wanawake. Ila kando yake palikuwa na Radcliffe, chuo cha wanawake kilichofundishwa na maprofesa wa Harvard, chenye mtihani wa kuingia ulio sawa na wa Harvard. Helen akaweka moyo wake pale na hakuubandua.

Mwaka wa 1894 alikwenda New York kwa miaka miwili, katika shule ya viziwi ya Wright-Humason, ili kunyoosha matamshi na kujifunza kusoma midomo kwa vidole. Kusoma midomo alikuweza: kidole gumba kooni mwa msemaji, cha shahada midomoni, cha kati kwenye pua, naye akafuata mazungumzo. Matamshi hayakunyooka kama alivyotumaini. Mwaka wa 1896 baba yake alifariki, na Oktoba mwaka huo huo akaingia shule ya wasichana ya Cambridge, chini ya Bwana Arthur Gilman, kujiandaa kwa mtihani wa Radcliffe. Alikaa darasani na wasichana wanaoona na kusikia. Mwalimu Anne alikaa kando yake na kumwandikia kiganjani kila kilichosemwa, na usiku akampekulia kamusi, huku macho yake mwenyewe yakiuma.

Mtihani wa sehemu ya kwanza ulifanywa kuanzia tarehe 29 Juni 1897. Masomo yalikuwa Kijerumani, Kifaransa, Kilatini, Kiingereza, na historia ya Uyunani na Roma, jumla ya saa 9. Alipewa chumba cha peke yake ili mlio wa taipureta usiwasumbue wengine, na mlinzi akasimamishwa mlangoni. Bwana Gilman alimwandikia maswali kiganjani, naye akajibu kwa taipureta. Kama sisi na namba zetu za mtihani, kila mtahiniwa alikuwa na namba badala ya jina, na ya Helen ilikuwa 233. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu aliyetumia taipureta alikuwa mmoja tu na wasahihishaji walijua ni nani. Alifaulu masomo yote, na katika Kijerumani na Kiingereza akapata sifa za juu.

Mwaka wa pili mambo yaliharibika. Hisabati zilimlemea, vitabu vya breli vilichelewa, na Bwana Gilman akaona Helen anachoshwa mno. Akapunguza masomo yake, kisha akataka kumtenga na Mwalimu Anne. Mama yake Helen alikuja, akamwondoa shuleni. Kuanzia Februari 1898 Helen akafundishwa na mwalimu wa binafsi, Bwana Merton Keith, aliyekuwa na subira ya kumwelezea jiometri bila ubao.

Mtihani wa mwisho ulikuwa tarehe 29 na 30 Juni 1899. Safari hii chuo kilikataa Mwalimu Anne asikaribie. Kumbukeni kwamba Helen alipokuwa na miaka 11 alishutumiwa kwamba hadithi aliyoitunga ilikuwa ya mtu mwingine, na tangu hapo hawakukosekana watu walionong'ona kwamba mwenye akili ni mwalimu, Helen ni kasuku. Basi akaletwa mgeni, Bwana Vining wa shule ya Perkins, kumnakilia maswali kwa breli. Hawakuwa wanajuana, na mgeni huyo hakuweza kusema naye kwa njia yoyote ila kwa kuandika breli.

Na hapo ndipo balaa lilipozuka. Breli ya siku hizo haikuwa moja. Palikuwa na ya Uingereza, ya Marekani, na ya New York. Kwa lugha za kawaida Helen alizijua zote. Lakini aljebra alikuwa ameisoma kwa alama za Kiingereza tu, na maswali yalikuwa yanaandikwa kwa za Kimarekani. Aligundua hayo siku mbili kabla ya mtihani! Akaandika haraka kuomba aelezwe, akatumiwa orodha ya alama, akakaa kuzikariri. Usiku wa kuamkia mtihani bado alikuwa anazichanganya alama za mabano na za kipeuo. Kesho yake ilimbidi asome swali mara mbili tatu ili ajue linamtaka nini. Tena safari hii hapakuwa na wa kumsomea alichokiandika ili asahihishe. Mwenye macho akikosea huona karatasi yake; Helen alipiga taipureta na kutumaini.

Alifaulu. Hati ya kumruhusu kuingia Radcliffe iliandikwa tarehe 4 Julai 1899, na ilieleza kwamba katika Kilatini cha juu amepata sifa.

Sasa ungedhani, msomaji, kwamba ilibaki kufunga sanduku tu. La. Mkuu wa wanawake pale chuoni, Bi Agnes Irwin, alizungumza naye. Hakukana kwamba Helen amefaulu. Alimweleza kwa upole kwamba shahada si kitu kikubwa, kwamba ingekuwa afadhali aandike kazi zake mwenyewe kuliko kupoteza nguvu zake kwa miaka minne akifuata cheti. Maneno yalikuwa na busara na heshima ndani yake. Helen akakubali. Oktoba ya mwaka huo alimwandikia rafiki akimweleza jinsi ilivyomwia vigumu, maana wazo la chuo alikuwa nalo tangu mdogo, lakini akajituliza kwamba si lazima mtu afanye upumbavu kwa sababu tu ameutamani siku nyingi.

Mimi niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Mlango kupigwa kwa kishindo usoni mwako ni afadhali, unajua umefungwa. Huu ulirudishwa polepole na mtu mwenye tabasamu, na Helen mwenyewe akasaidia kuusukuma.

Akarudi kwa Bwana Keith. Akasoma Horace na Aeschylus, Kifaransa, Kijerumani, historia ya Uingereza na utungaji. Miezi ikapita, na mafunzo hayo hayakuiua ile hamu. Tarehe 5 Mei 1900 aliketi na kumwandikia barua mwenyekiti wa bodi ya taaluma ya Radcliffe. Barua hiyo imehifadhiwa katika kitabu chake, nami naipenda kwa jinsi isivyo na machozi. Aliuliza kama inawezekana achukue masomo ya kawaida ya shahada. Alitaja hati aliyopewa Julai iliyopita na vitabu alivyosoma tangu hapo. Alieleza wazi atakachohitaji: Mwalimu Anne akae naye katika mihadhara awe mkalimani wake na kumsomea karatasi za mtihani, kazi zote aziandike kwa taipureta, na profesa asipoelewa matamshi yake, aruhusiwe kumwandikia majibu na kumpa baada ya kipindi. Alikiri kwamba vikwazo ni vikubwa na kwamba jambo kama hilo halijawahi kufanyika. Akamaliza kwa kusema kwamba askari wa kweli hakubali kushindwa kabla ya vita.

Angalieni hapo kwenye matamshi. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu siku ya Bi Fuller, na bado alijua fika kwamba profesa huenda asimwelewe. Hakulificha. Aliliweka juu ya meza pamoja na dawa yake.

Kisha akangoja. Mei ikaisha bila jibu. Tarehe 9 Juni alimwandikia rafiki kwamba bodi bado imenyamaza, na kwamba watu wake wanashangaa kwa nini wanasitasita hivyo ilhali hakuomba kazi ipunguzwe hata kidogo, bali iendane na hali yake tu. Na sikilizeni haya: wakati huo huo Chuo Kikuu cha Cornell kilikuwa tayari kumpokea na kumtengenezea utaratibu unaomfaa, na Chuo Kikuu cha Chicago vilevile. Milango miwili wazi! Angeweza kuchukua mmoja, na mjomba wetu bila shaka angemwita mjinga kwa kutofanya hivyo. Helen alikataa. Aliogopa kwamba akienda kwingine, watu watasema alianguka mtihani wa Radcliffe.

Kuna wenzangu niliojadiliana nao bwenini wanaoona hiyo ilikuwa ni jeuri. Labda. Baadaye, Woodrow Wilson alipomuuliza sababu ya kuchagua Radcliffe, Helen mwenyewe alieleza kwamba ni kwa kuwa hawakumtaka, naye ni mkaidi. Lakini mimi naona zaidi ya ukaidi. Mtu ambaye maisha yake yote wanasema kazi yake imefanywa na mwingine hawezi kuacha hati yake ikae droo bila kutumika. Hati isiyotumika ingewapa wanong'onaji neno.

Hatimaye bodi ilikubali, na katika majira ya vuli ya mwaka 1900 Helen akaingia Radcliffe akiwa na miaka 20.

Chuo hakikuwa pepo. Mihadhara iliandikwa kiganjani mwake kwa kasi, na kwa kuwa mikono ndiyo masikio yake, hakuweza kuandika chochote wakati huo huo. Ilimbidi akimbie nyumbani na kupiga taipureta kile alichokumbuka. Vitabu vingi havikuwa na breli. Wenzake wakienda kucheza na kuimba, yeye alikuwa bado sura ya tatu. Gharama zilimtia wasiwasi pia, lakini mwandishi Mark Twain alikuwa ameshamwombea msaada kwa tajiri Henry Rogers. Akiwa bado mwanafunzi aliandika habari za maisha yake, zikatoka kama kitabu mwaka wa 1903. Mwaka wa 1904 alihitimu kwa heshima, wa kwanza duniani asiyeona wala kusikia kupata shahada ya kwanza ya sanaa. Mwalimu Anne aliyesikiliza kila mhadhara hakupewa karatasi yoyote, na hilo mimi binafsi linanikera.

Sauti je? Hakuiacha. Alipokuwa karibu na miaka 30 alimpata mwalimu wa uimbaji, Bwana Charles White wa Boston, aliyekubali kuanza upya kwa kile kilichorukwa mwaka wa 1890: pumzi kwanza, sauti, kisha maneno. Walifanya kazi miaka mitatu hivi. Februari 1913, mjini Montclair, Helen alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya umati kuhutubu. Aliogopa kupita kiasi. Sauti ilimpanda na kumshuka bila yeye kuishika, na akatoka jukwaani amekata tamaa, akijiona ameshindwa mbele ya watu wote, ingawa walikuwa wema kwake. Baada ya muda alirudi tena jukwaani, mji baada ya mji, Mwalimu Anne kando yake akirudia maneno kwa wasioyashika. Mpaka uzeeni alisema wazi kwamba kukosa usemi ulio safi ndilo jambo lililomsikitisha kuliko upofu na uziwi.

Mengine ni marefu na nitayafupisha. Kuanzia 1924 alifanya kazi na shirika la Marekani la kuwasaidia vipofu. Alizunguka nchi zaidi ya 30, na bara letu la Afrika alilifikia mwaka wa 1951 huko Afrika Kusini, na mwaka uliofuata Misri. Mwalimu Anne alifariki mwaka wa 1936, akiwa amekwisha kuwa kipofu, baada ya miaka 49 pamoja. Mwaka wa 1955 Harvard, ile ile aliyoitaja mtoto watu wakacheka, ilimpa Helen shahada ya heshima. Hakuna mwanamke aliyekuwa amepewa heshima hiyo na Harvard kabla yake. Alifariki usingizini tarehe 1 Juni 1968, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 88, na majivu yake yakawekwa karibu na ya mwalimu wake katika kanisa kuu la Washington.

Dada alisoma makala haya kabla sijayapeleka kwa mhariri. Alinisahihisha pale kwenye pumzi na sauti, kwa maana hilo analijua kuniliko. Kisha akataka aonyeshwe ile barua ya Mei iko ukurasa gani, akakichukua kitabu na kuingia nacho chumbani. Jumatatu aliviandikia vile vyuo viwili, barua fupi, kuuliza ombi lake limefika wapi na kueleza ni nani aliye nyumbani anayemsubiri. Mpaka jarida hili linakwenda mitamboni, kimoja kimejibu kwamba jina lake bado liko mezani na kwamba uamuzi utatolewa mwisho wa mwezi. Mjomba ameshaambiwa.